Safari ya Kutafuta Rangi za Maji

Mtu akiiacha barabara kuu itokayo Embu kwenda Meru, akageukia upande wa mlima na kuanza kupanda, mashamba ya kahawa humwacha pole pole na mashamba ya chai humpokea. Huko ndiko iliko Githongo, katika Imenti ya Kati. Kuna kiwanda cha chai, kuna mahakama, kuna hospitali na soko, na zaidi ya hayo yote kuna ukungu. Tangu mwezi wa Juni mpaka Agosti hushuka kutoka msituni wa Mlima Kenya, ambao sisi Wameru twauita Kirimaara, hata jua la saa nne huonekana kama shilingi iliyochakaa. Mimi ni karani wa serikali mahali hapa, na kazi yangu ya mchana ni majalada na mihuri. Lakini jioni nachora picha kwa rangi za maji, na ukungu huo ndio ulionitia katika kazi hiyo.

Wasomaji ambao hawajapata kuishika brashi huenda wakauliza rangi za maji ni nini. Ni unga wa rangi uliosagwa sana ukakandwa kwa gundi, kisha ukakaushwa ukawa vidonge. Mchoraji hulowesha kidonge kwa brashi yenye maji na kupaka juu ya karatasi nyeupe. Weupe wa picha ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Kwa hiyo anayechora wingu hana budi kujua mapema wingu litakaa wapi, maana akisha kupaka hawezi kurudi nyuma. Mchoraji wa rangi za mafuta akikosea hufunika kosa lake kwa rangi nyingine, lakini wa rangi za maji kosa lake humtazama mpaka mwisho. Hapa kwetu pana taabu moja zaidi, nayo ni kwamba katika baridi ya Julai karatasi huchukua saa nzima kukauka, na mara nyingi nimelala nikiiacha mbichi nikaikuta asubuhi mbichi vile vile.

Nalifurahi sana nilipojua kwamba gundi hiyo ni utomvu wa mti wa jamii ya mgunga, na kwamba mti huo huota katika nchi kavu iliyo chini yetu, Isiolo na Samburu na kuendelea mpaka Marsabit na Turkana. Wachungaji huuokota utomvu, nao huuzwa ng'ambo. Yaani huenda kidonge nilichokinunua kwa bei kali kilipita karibu na mlango wangu kikienda kutengenezwa.

Mwaka juzi nalipeleka picha nne kwenye maonyesho fulani ya kilimo na kazi za mikono. Msimamizi alizitazama, akazigeuza nyuma kana kwamba bei imeandikwa huko, akasema, "Karani, hizi ni kazi za shule. Picha hasa ni ile ya mafuta." Basi zikatundikwa katika sehemu ya watoto, nyuma ya mlango, kati ya ramani mbili za Afrika. Jioni nalikuta kwenye moja wamebandika karatasi yenye neno "Umejitahidi." Mimi nina umri wa miaka thelathini na sita na watoto watatu.

Nalikwenda kwa mwalimu wangu wa zamani, ambaye alitufundisha kuchora katika shule ya misheni, wanafunzi arobaini kwa kisanduku kimoja cha rangi. Sasa amestaafu na kulima kahawa. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mwanangu," akasema, "wewe si wa kwanza kutundikwa nyuma ya mlango." Akaingia ndani akatoka na kitabu kikuukuu cha habari za wachoraji wa Uingereza, nami nikakisoma kwa siku nne, mchana chini ya majalada (natumaini mkubwa wangu hasomi gazeti hili) na usiku kwa taa.

Habari yenyewe ni hii. Mjini London palikuwapo Chuo cha Kifalme cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka wa 1768, na kila mwaka kilifanya maonyesho makubwa. Wenye rangi za mafuta walitawala kuta. Picha za maji ziliwekwa kando, na zilizobahatika kuingia katika vyumba vikubwa zilizimwa na majirani zao wenye rangi nzito na fremu pana za dhahabu. Tena ilikuwapo sheria kwamba mtu ambaye kazi yake ni michoro ya namna hiyo tu hawezi kugombea uanachama. Kumbe wakati huo huo Waingereza wengi walikuwa wakizinunua picha hizo na kuwalipa wachoraji wawafundishe binti zao! Walipendwa nyumbani na kudharauliwa barazani.

Basi tarehe 30 Novemba, 1804, watu kumi walikutana katika mkahawa mmoja wa Oxford Street. Aliyekuwa mbele katika shauri hilo ni William Frederick Wells. Wengine ni kama ndugu wawili John na Cornelius Varley, na Francis Nicholson, na William Sawrey Gilpin aliyefanywa rais wa kwanza. Waliunda chama cha wachoraji wa rangi za maji peke yao, kikiongozwa na wachoraji wenyewe, bila tajiri wala mkuu wa kuwaamuru. Mwaka uliofuata, 1805, walikodi vyumba katika Lower Brook Street na kufungua mlango. Walikuwa wachoraji kumi na sita, na picha 275. Watu waliolipa kiingilio walikaribia 12,000.

Jambo lililonigusa mimi, mtoto wa mkulima wa kahawa, ni habari ya fedha. Baada ya gharama, kilichosalia waligawana wenyewe kwa kadiri ya kazi ambayo kila mmoja alileta. Mtu wa Imenti hahitaji kufafanuliwa habari hiyo. Meru ni moja ya sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kulima kahawa, katika miaka ya 1930, na baba zetu walijifunza kwamba mwenye debe moja hana sauti, bali wenye kiwanda chao cha kumenya wanaweza kuuliza bei. Ukuta ni kwa mchoraji kama kiwanda kwa mkulima.

Lakini msomaji asidhani mambo yalinyooka. Mwaka wa 1807 mmoja wa wale kumi wa kwanza, John Claude Nattes, alionekana ametundika kazi za watu wengine kwa jina lake, naye akafukuzwa. Kisha chama kiliweka hesabu ya wanachama iwe ndogo, na wale walioachwa nje, kwa hasira, wakaunda chama chao cha pili. Hicho kilikufa kifo cha aibu: mwaka wa 1812 mwenye nyumba hakulipwa kodi, akazikamata picha zilizokuwa ukutani, na kati yake zilikuwamo za David Cox, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa mashamba na mvua. Mwaka huo huo chama cha kwanza nacho kilitikisika, maana watazamaji walikwisha kupungua. Wakavunja na kujenga upya, wakiwakaribisha wenye rangi za mafuta. Yaani waliwafungulia mlango wale wale waliowakimbia! Wakaishi hivyo mpaka 1820, ndipo wakarudi kwenye maji peke yake.

Baadaye walipata nguvu. Tangu mwaka wa 1823 walikuwa na vyumba vyao katika Pall Mall East, wakakaa hapo zaidi ya miaka mia moja, na mwaka wa 1881 Malkia Victoria akawapa ruhusa ya kujiita wa Kifalme. Wanawake walichora pamoja nao kwa muda mrefu, lakini wakiwa katika daraja la pembeni, bila sauti katika shauri wala fungu katika faida. Helen Allingham alipewa uanachama kamili mwaka wa 1890. Chama hicho kipo hata leo, na tangu 1980 hufanya maonyesho yake ukingoni mwa mto Thames, mahali paitwapo Bankside.

Nilipomrudishia mwalimu kitabu chake aliniambia, "Za Ulaya umezipata. Sasa nenda Nairobi ukatazame za kwetu." Nalikuwa na siku za likizo, nikaenda.

Siku moja kabla ya kuondoka, mama mmoja mzee ambaye ni jirani yangu aliniita ugani kwake. Alikuwa amesikia kwamba naenda kutazama picha. "Mwanangu," akasema, "baba yangu alikalishwa kitini na mwanamke wa Kizungu, akachorwa. Alikwenda asubuhi akarudi jioni. Picha yenyewe sisi hatukuiona. Ukimkuta huko, unitazamie amevaa nini."

Matatu yetu iliteremka alfajiri. Tulivuka mto Mutonga, tukapita njia ya Chogoria, na tulipolikaribia daraja la Nithi abiria wote walinyamaza bila kuambiwa. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya thelathini wakafa, wala hao hawakuwa wa kwanza. Baada ya Chuka mazungumzo yalianza tena. Embu tulikunywa chai. Baada yake nchi hushuka ikawa tambarare za mpunga na vumbi, na Kirimaara hubaki nyuma ya bega la kulia, kisha hufichwa na mawingu yake. Saa nane tulikuwa Nairobi.

Jumba la Makumbusho liko juu ya kilima, karibu na mto. Lilifunguliwa mwaka wa 1930 kwa jina la Coryndon. Hapo ndipo zinapohifadhiwa picha za Joy Adamson. Watu wengi humjua kwa ajili ya simba wake Elsa, aliyezikwa mwaka wa 1961 katika ile ambayo sasa ni Mbuga ya Taifa ya Meru. Lakini kabla ya simba palikuwa na rangi za maji. Alizaliwa mwaka wa 1910 katika nchi iliyokuwa ya Austria, akaja Kenya 1937. Alianza kwa kuchora maua na majani, na kwa kazi hiyo alipewa nishani ya dhahabu na chama cha bustani cha Uingereza mwaka wa 1947. Mwaka wa 1949 serikali ya Kenya ilimpa kazi ya kuwachora watu wa makabila katika mavazi yao ya jadi, kabla hayajapotea. Alizunguka kwa miaka kadhaa na kuchora watu zaidi ya mia tano. Maskani yake yalikuwa Isiolo, kwa hiyo Meru ilikuwa jirani, na miongoni mwa aliowachora wamo Wameru, Watharaka na Wachuka. Aliuawa Shaba, mwezi wa Januari 1980.

Nasema kweli, mkono wake ulikuwa wa ajabu. Shanga zimehesabika. Ngozi imekunjwa mahali inapokunjwa na ng'aa ya mafuta juu ya bega ni karatasi iliyoachwa. Yule msimamizi wa maonyesho angesimama hapo hata dakika mbili asingethubutu tena kusema kwamba rangi za maji ni kazi za shule. Lakini nalipokuwa nimekwisha kustaajabu, niliona kitu kingine. Nyuma ya mtu mmoja hapakuwa na kitu. Hakuna nyumba, hakuna mgomba, hakuna ukungu. Mtu amesimama katika weupe kama ua lililokatwa likabandikwa katika kitabu cha mimea. Nalitafuta mzee wa jirani yangu kwa muda mrefu. Palikuwa na mmoja ambaye angeweza kuwa yeye, mwenye kofia ya ngozi ya mbega na uso wa mtu aliyechoka kukaa kitini. Niliandika mavazi yake yote katika daftari. Jina la kabila lilikuwapo. Jina la mtu sikuliona.

Siku ya pili nilipanda gari la njia ya Kiambu mpaka Ridgeways, mahali paitwapo Paa ya Paa. Msomaji ajuaye Kiswahili ataona mchezo wa jina hilo: paa ni mnyama, na kupaa ni kwenda juu. Pahali hapo palianzishwa mwaka wa 1965, miaka miwili baada ya Uhuru, kwanza katikati ya mji wa Nairobi. Aliyekuwa mbele ni mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu huko Kilimanjaro mwaka wa 1932, aliyesoma sanaa Makerere. Ndiye aliyechora katika kanisa la ukumbusho la Murang'a, katika miaka ya mwisho ya 1950, zile picha kubwa za maisha ya Yesu katika nchi ya Wagikuyu, zenye vilima na migomba. Pamoja naye walikuwapo Jonathan Kariara na Hilary Ng'weno na Pheroze Nowrojee na wengineo, watu wa kalamu na wa sheria. Hawakuwa chama cha rangi za maji peke yake. Waliwakaribisha wachongaji, washairi na waigizaji. Lakini shabaha yao ilifanana na ile ya mkahawa wa Oxford Street: Mwafrika aliyechora asisubiri ukuta wa mtu mwingine. Tena Njau alishikilia neno moja kwa ukali, kwamba mchoraji asinakili. Nilimkumbuka Nattes.

Mwaka wa 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya pahali hapo. Kazi nyingi za miaka thelathini na zaidi zikawa majivu, na picha ya karatasi, wasomaji wangu, haingoji kuokolewa. Mwenye nyumba wa London alizikamata picha, lakini picha zilizokamatwa huweza kukombolewa. Nalitembea chini ya miti nikiwaza habari hiyo moja tu, na nasikitika kwamba sikutazama mengine kwa uangalifu kama ilivyonipasa.

Nilirudi Githongo usiku. Kesho yake nilikwenda kwa yule mama mzee na daftari langu. Nikamsomea: kofia ya ngozi ya mbega, shanga shingoni, fimbo mkononi, ngozi begani. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Baba hakuwa na ngozi ya mbega. Alikuwa na koti." Akafikiri tena. "Labda aliazimwa." Nikamwuliza kama asemavyo ndivyo, je, mtu yule ni yeye au siye? Akajibu kwamba mimi ndiye niliyesoma.

Tangu safari hiyo tumekutana mara tatu, watu watano, katika chumba kilicho nyuma ya duka la fundi cherehani. Ni mimi, na mwalimu wangu, na mwalimu wa kike wa shule ya msingi, na fundi mwenyewe, na kijana anayechuma chai, ambaye kwa haki mkono wake ni mzuri kuliko wetu sote. Mkutano wa kwanza ulipotea wote kwa kubishana kama mwenye rangi za mafuta aweza kuingia. Mwalimu alisema hapana. Nami nikasema London ilikufa njaa mpaka ikawaita. Naye akasema ndiyo, lakini miaka minane baadaye iliwatoa. Bado hatujaamua. Mkutano wa pili fundi alileta picha ya tembo, nzuri mno, na yule kijana akaitambua kwamba imefuatishwa kwa kioo na taa kutoka picha ya simu. Fundi alikasirika akataka kufunga mlango, na chumba ni chake. Tulimwomba radhi kwa namna, lakini tembo hatukumtundika.

Jambo la kodi tumelimaliza: fundi hatatudai, nasi tutamchorea kibao kipya cha duka. Jambo la moto halijaisha, kwa sababu pasi yake ni ya makaa. Kwa sasa kila mtu analala na picha zake nyumbani kwake, na maonyesho yetu ya kwanza yatakuwa siku ya soko, chini ya mabati, ikiwa mvua itakubali. Kiingilio ni shilingi kumi, na watoto wataingia bure, hata nyuma ya mlango. Mweka hazina ni yule mwalimu wa kike. Ana shilingi 2,300 katika mkebe wa majani ya chai, na huandika kila senti.

Yule mama mzee naye amenituma mtoto kuniita. Anataka nimchore kabla ya maonyesho. Amesema atakaa nje, mbele ya jiko lake, na sweta lake la kila siku, nami nisiache nyuma yake patupu. Na jina lake niliandike chini kwa herufi kubwa.